Demio 2015: kuzima moja kwa moja mfumo wa injini kujizima kwenye foleni

Mtembezi_Mukono

Habari zenu wakubwa. Gari ni Mazda Demio ya 2015, DJ3FS, petroli 1.3, gia otomatiki, imetoka Japani kupitia Mombasa. Ina ule mfumo wa i-stop: ukikanyaga breki gari likasimama, injini inazima yenyewe; ukiachia breki, inawaka. Asubuhi hapa Kampala, barabara ya Jinja, kuanzia Banda kuja Nakawa, gari linasogea mita tano linasimama, linasogea tena linasimama, na injini inazima na kuwaka muda wote. AC nayo inaanza kupuliza hewa ya joto.

Kitufe cha i-stop OFF kipo, upande wa kulia chini ya dashibodi. Nikikishikilia mpaka kilie, mfumo unazima. Lakini nikizima gari na kuliwasha tena, umerudi. Nataka uzime na ubaki umezimwa.

Nimeshapewa ushauri wa aina tatu: nichomoe plagi ya sensa ya betri, nichomoe plagi ya swichi ya boneti, au nifunge betri ya kawaida ya NS60 na mfumo utakufa wenyewe. Ipi haiharibu gari? Na je, ni kweli stata inakufa mapema kwa sababu ya mfumo huu?

---

FundiUmeme_Bwaise

Karibu ndugu. Usichomoe kitu kwanza. Ushauri wote huo watatu una kasoro moja: komputa ya gari haiambiwi kwamba hutaki injini ijizime, inaaminishwa kwamba gari ni bovu. Kitufe chako, kwa upande mwingine, ni ombi halali ambalo gari linalielewa. Tafuta njia inayopita kwenye kitufe, au inayobadilisha mpangilio ndani ya komputa kwa magari yanayokubali hivyo.

Sensa ya betri imekaa kwenye kibano cha hasi, ina plagi ndogo. Inapima mkondo unaoingia na kutoka kwenye betri, volti na joto. Vipimo hivyo havitumiki na i-stop peke yake. Udhibiti wa altaneta nao unavitegemea. Gari hili halichaji kwa volti ileile siku nzima. Ukiachia mafuta na gari kupunguza mwendo, volti zinapanda. Ukiongeza kasi, zinashuka ili injini isibebe mzigo wa altaneta. Ukichomoa plagi, komputa inapoteza hesabu ya betri, inaandika kosa, na inachaji kwa kukisia. i-stop itakufa kweli, lakini taa ya njano itameta kila siku, na siku altaneta itakapopata hitilafu ya kweli hutajua, kwa kuwa macho yameshaizoea taa.

Swichi ya boneti imo ndani ya loki ya mbele. Boneti ikiwa wazi, mfumo hauruhusu injini kujizima. Na kama ilikuwa imejizima, hairuhusiwi kuwaka yenyewe. Ni kwa ajili ya mikono ya mtu anayeshika mkanda au feni akidhani gari limezimwa. Sasa sikiliza hatari yake. Magari mengine swichi hiyo hufunga saketi boneti ikifungwa. Ukichomoa plagi, gari linaona boneti wazi na i-stop inakoma. Mengine yamefungwa waya kinyume: ukichomoa, gari linaona boneti imefungwa wakati wote, i-stop inaendelea kama kawaida, na ulinzi wa mikono umeuondoa wewe mwenyewe. Alamu ya wizi pia husoma swichi hiyohiyo.

NS60 ndiyo mbaya zaidi. Ni betri ya umbo la B24, upana wake karibu milimita 129. Trei ya Demio yako ni ya D23, upana milimita 173. Itacheza kwenye trei. NS60 nyingi zina vichwa vyembamba, vibano vyako ni vya vichwa vinene, kwa hiyo fundi ataweka vipande vya bati ili vikaze. Kibano kisichokaza kwenye gari lenye sensa ya betri ni chanzo cha makosa ya umeme yasiyoeleweka. Na mfumo haufi mara moja: utaendelea kuzima na kuwasha injini mpaka betri hiyo ndogo iishe nguvu, kisha siku moja injini itazima na isiwake, na itakuwa kwenye mzunguko wa barabara, si nyumbani.

Kabla sijaendelea, naomba unijibu mambo mawili. Taa ya i-stop ya njano ikoje, inawaka tuli au inameta? Na betri iliyomo imeandikwa nini? Pima pia volti gari likiwa limelala usiku kucha, milango na boneti vimefungwa. Ukifungua boneti subiri kidogo komputa zirudi kulala, kisha weka ncha za mita kwenye vichwa vyenyewe vya betri, si kwenye vibano.

---

Mama_Zam

Naomba nitetee mfumo kidogo, maana watu wanauchukia bila kuuelewa.

Injini ya 1.3 inayonguruma gari limesimama, AC ikiwa imezimwa, hutumia takriban lita 0.6 hadi 0.8 kwa saa. Tuseme kila siku ya kazi unasimama jumla ya dakika 40 kwenye mataa ya Wandegeya: hapo ni karibu nusu lita kwa siku, lita 12 hivi kwa siku 26. Si pesa ya kutupa. Lakini hesabu hiyo ni ya kusimama kwa muda mrefu. Afande akikusimamisha dakika nne ili apitishe upande mwingine, i-stop inakulipa. Foleni ya kusogea mita tano na kusimama sekunde tatu haikulipi chochote, inakuchosha tu.

Kwa hiyo jifunze kwanza mguu. Kwenye Demio ya otomatiki i-stop inategemea nguvu unayokanyagia breki. Ukisimamisha gari taratibu na kushikilia pedali kwa wepesi, kiasi cha kulizuia lisitambae, injini haizimi. Ukiona mbele kuna kusimama kwa kweli, kanyaga zaidi, inazima. Inahitaji mazoezi kidogo na haihitaji kukata waya wowote.

Mambo mengine yanayoizuia: kiyoyozi kikiwekwa kwenye baridi ya mwisho kabisa huku AC imewashwa, hewa ikielekezwa kwenye kioo cha mbele kuondoa ukungu, usukani ukiwa umekatwa badala ya kunyooka, mteremko mkali, injini ambayo bado haijapata moto, na betri isiyo na chaji ya kutosha. Kufungua mkanda wa kiti pia kunaizuia, lakini asije mtu akaufungua kwa sababu hiyo.

Kuhusu stata: ya gari la aina hii imetengenezwa kwa idadi ya kuwashwa mara nyingi zaidi ya stata ya kawaida, brashi na gia zake ni imara zaidi. Mazda wenyewe wamekwenda mbele: injini inapojizima, komputa inatumia altaneta kusimamisha pistoni mahali panapofaa, kisha wakati wa kuwaka inapuliza petroli moja kwa moja kwenye silinda iliyo katikati ya mwendo wa kusukumwa na kuilipua. Stata inasaidia tu. Ndani ya gia otomatiki kuna pampu ya umeme inayotunza presha ya oili injini ikiwa imezima, ndiyo maana gari halishtuki ukiachia breki. Kinachokufa mapema kwenye magari haya ni betri, na mara nyingi inakufa kwa kuwa iliyowekwa si ya aina yake.

---

Nalubaale_Spea

Mama Zam amesema kweli kuhusu mguu, lakini Kampala si kila mtu atakayeweza kupima pedali huku boda zinampita pande zote mbili. Kuzima kabisa kunawezekana na hakudhuru, mradi ufuate kitufe.

Kuna kifaa kidogo, Wajapani wanakitengeneza kwa magari mengi: Mazda, Suzuki, Subaru, Honda. Kinakaa kati ya plagi ya kitufe na kitufe chenyewe. Ukiwasha gari, kinasubiri sekunde chache, kisha kinabonyeza badala yako. Komputa inaona dereva amebonyeza, basi. Hakuna kosa linaloandikwa, na kitufe kinaendelea kufanya kazi: siku unataka i-stop unakibonyeza na inarudi. Ukiagiza, taja msimbo wa bodi ulio kwenye kibati cha gari, DJ3FS, siyo jina Demio peke yake, kwa sababu plagi za Demio ya DE, ile ya kizazi kilichotangulia, na ya DJ si moja.

Ukikikosa, fundi wa umeme anayejua kutumia mita anaweza kukuundia kwa rilei ya saa ya volti 12. Unahitaji rilei yenyewe yenye marekebisho mawili, muda wa kusubiri na muda wa kubonyeza, fyuzi ya ampea 2, diodi 1N4007, kapasita ya mikrofaradi 1000 ya volti 25, na waya wa milimita 0.5 za mraba.

Paneli ya vitufe itolewe kwa kijiti cha plastiki, bisibisi inaacha makovu. Usianze kwa kutoa betri. Ukiitoa, i-stop na vioo vya kujipandisha vinasahau walichojifunza. Inatosha kuzima gari na kusubiri.

Hapa ndipo pa kuwa makini. Nyuma ya paneli hiyo vitufe viko jirani, na kimojawapo ni cha kuzima TCS. Ukikosea waya, kila unapowasha gari utakuwa unazima udhibiti wa magurudumu kuteleza, na hutajua mpaka siku ya mvua kwenye mteremko. Kwa hiyo usiamini rangi ya waya uliyoambiwa na mtu. Plagi ikiwa imeingia, gari kwenye ON, ncha nyeusi ya mita kwenye chuma cha bodi, gusa waya mmoja mmoja kwa nyuma. Waya wa i-stop ni ule ambao volti zake, 5 au 12, zinaanguka kukaribia sifuri ukibonyeza kitufe cha i-stop peke yake.

Kisha toa plagi na upime kitufe chenyewe kwa ohm huku umekibonyeza. Kikisoma karibu na sifuri, ni swichi ya kawaida inayopeleka waya chini, na rilei yako inaweza kufanya hivyohivyo. Kikisoma ohm mia kadhaa au elfu, maana yake vitufe kadhaa vinatumia waya mmoja na komputa inavitofautisha kwa ukinzani. Hapo ukipeleka waya chini moja kwa moja komputa itasoma kitufe kingine au itaandika kosa. Weka rizista ya thamani ileile uliyoipima kati ya rilei na bodi.

Waya za rilei zifungwe sambamba na kitufe, usikiondoe. Na usije ukakiziba kitufe kibaki kimebonyezwa kwa gundi au kipande cha karatasi. Komputa ikiona kitufe kimeshikwa bila kuachiwa inakihesabu kibovu, inaacha kukisikiliza.

---

Mtembezi_Mukono

Asanteni sana. Majibu ya FundiUmeme: taa ya njano inameta, sikuwa najua kwamba kuwaka tuli na kumeta ni mambo tofauti. Na i-stop yenyewe siku hizi inafanya kazi siku moja, siku nyingine inakataa. Betri imeandikwa 55D23L, ya kawaida ya maji, niliikuta humo nilipolinunua. Asubuhi kabla ya kuwasha ilisoma 12.2. Gari lina kifaa cha kufuatilia, liko kwenye mkopo, na nyaya zake zote mbili, nyekundu na nyeusi, zimefungwa moja kwa moja kwenye vichwa vya betri.

---

FundiUmeme_Bwaise

Basi tumeshapata ugonjwa, ssebo. Kwenye Demio taa ya njano ikiwaka tuli baada ya kubonyeza kitufe ni kawaida, inakuambia umezima mfumo. Ikimeta, komputa inasema kuna hitilafu. Ukifunga kifaa cha Nalubaale leo, utafunika hitilafu hiyo na betri itaendelea kufa kimyakimya.

12.2 baada ya kulala ni karibu nusu ya chaji. Betri nzima ya maji ikijaa inasoma 12.6 hadi 12.7. Unaendesha na nusu betri, na i-stop inakataa kwa sababu hiyo. Inalinda nguvu ya kuwashia. Zile siku ambazo inafanya kazi ni zile ulizosafiri mbali ikapata chaji.

55D23L ni umbo sahihi, aina si sahihi. Betri ya gari hili ni Q-85. Q ni umbo la D23 katika majina ya Kijapani ya betri za magari yanayojizima, 85 ni daraja la nguvu. M-42 ni umbo la B20, N-55 la B24, S-95 la D26. Ukiona R mwishoni, kama N-55R, vichwa vimegeuzwa. Yako isiwe na R. Betri hizi, ambazo nyingine huuzwa kwa jina la EFB, zina sahani zinazovumilia kushuka chaji na kujazwa tena mara nyingi, na zinapokea chaji haraka. Ya kawaida ukiishusha hivyo kila siku sahani zake zinajenga salfati na uwezo unapungua mwezi hadi mwezi.

Waya mweusi wa kile kifaa ndio wa pili kurekebisha. Sensa inahesabu mkondo unaopita ndani yake. Kifaa kilichofungwa kwenye kichwa cha hasi kinakunywa umeme kabla ya sensa, kwa hiyo gari likilala siku mbili komputa inadhani betri bado imejaa kuliko ilivyo. Waya huo uhamishiwe kwenye boliti ya bodi, mahali palipokwanguliwa rangi. Waya mwekundu unaweza kubaki kwenye chanya, ila uwe na fyuzi. Kwa sababu gari liko kwenye mkopo, waombe wenye kifaa wauhamishe wenyewe. Ukiugusa wewe watapata taarifa kwamba kimechezewa. Kanuni ileile wakati wa kuazima umeme kwa gari jingine: kebo nyeusi kwenye chuma cha injini au bodi, kamwe si kwenye kichwa cha hasi.

Baada ya hapo pima umeme unaovuja. Mita kwenye ampea 10, ipite kati ya waya wa hasi na betri, funga milango, subiri nusu saa hadi komputa zilale. Isizidi miliampea 50 hivi. Ikizidi, chomoa fyuzi moja baada ya nyingine mpaka ishuke.

Ukibadilisha betri, makosa ya zamani yafutwe kwa mashine ya kusoma komputa inayoielewa Mazda, na mfumo uelezwe kwamba betri ni mpya. Bila hivyo i-stop inaweza kukaa bila kufanya kazi kwa muda hata betri ikiwa safi.

---

Mtembezi_Mukono

Nimeelewa. Lakini kama mwisho nitazima i-stop kwa kifaa, kwa nini ninunue Q-85 ya bei ya juu? Betri ya kawaida ya D23 isingetosha?

---

FundiUmeme_Bwaise

Swali zuri, na jibu linategemea gari. Ukizima i-stop, umeondoa kazi ya kuwasha injini mara nyingi kwa siku. Hujaondoa kule kuchaji kwa kupanda na kushuka. Komputa bado inaacha nafasi kwenye betri isijae, ili ipokee umeme gari linapopunguza mwendo. Betri ya kawaida haipendi kukaa ikiwa haijajaa. Kwa Demio yako nitabaki na Q-85. Kwa gari ambalo altaneta yake inachaji kwa volti zisizobadilika, 14.2 hadi 14.5 muda wote, na i-stop imezimwa kweli, betri nzuri ya kawaida ya umbo lilelile itafanya kazi.

Kwa njia hiyo pia usishtuke ukiona mita inasoma 12.9 injini ikiwa imewaka. Watu wamebadilishiwa altaneta nzima kwa sababu ya kipimo hicho. Washa taa kubwa, feni na kifuta ukungu cha nyuma, kisha pima tena. Altaneta nzima itapanda.

Wenye AGM, yaani betri ambazo asidi yake imenyonywa kwenye mkeka wa nyuzi za kioo, hasa magari ya Ulaya: usiweke ya maji mahali pa AGM. Na AGM haipendi joto, kwa hiyo kama kiwandani iliwekwa chini ya kiti au kwenye buti, asikuambie mtu kwamba unaweza kuihamishia karibu na injini.

---

Gurudumu_Arua

Niongezee kwa wasio na Demio, maana wengi watasoma hapa.

Vitz yenye injini kujizima: kitufe kinarudi kwenye hali ya mwanzo kila unapowasha, kama Demio. Betri ya nyingi ni N-55. Njia ni ileile ya kifaa cha kitufe.

Subaru Forester ya SJ: vifaa vya plagi vipo, betri ni Q-85.

VW zenye komputa zinazokubali: kwa programu ya VCDS unaingia kwenye moduli ya 19, sehemu ya marekebisho, unatafuta kikomo cha volti cha kuanza upya. Kwa kawaida ni 7.6, watu wanakipandisha hadi 12.1. Kinachotokea ni hiki: kabla ya kuzima injini, komputa inakadiria volti zitashuka hadi ngapi stata itakapozunguka. Makadirio yakiwa chini ya kikomo, inakataa kuzima. Hakuna betri inayobaki juu ya 12.1 wakati wa kuzungusha stata, kwa hiyo injini haizimi tena na hakuna kosa linaloandikwa. Piga picha thamani ya zamani kabla ya kubadilisha, na funga chaja wakati wa kazi hiyo, volti zikianguka katikati moduli inaweza kupotea.

BMW za karibuni: mfumo unaitwa MSA kwenye komputa, na unaweza kupangwa ukumbuke hali ya mwisho. Kwa hiyo ukibonyeza mara moja unabaki umezimwa, na hiyo ndiyo njia safi kuliko zote. Betri mpya ya BMW isajiliwe kwenye komputa ya gari. Wenye Mercedes na BMW wasiotaka kugusa chochote, hali ya Sport kwa kawaida inazuia injini kujizima, ila inabadilisha pia gia na mafuta yanakwenda.

Na tafadhali: Aqua, Prius, Fit Hybrid si mambo haya. Injini yake kuzima gari likisimama ndiyo namna gari linavyofanya kazi. Usimruhusu mtu akate waya wowote humo, hasa ule wa rangi ya machungwa.

---

Mtembezi_Mukono

Taarifa: Q-85 imeingia, makosa yamefutwa, waya mweusi umehamishwa, taa haimeti tena. i-stop inafanya kazi bila kukataa. Nimeamua kuizima kwa sababu ya foleni ya asubuhi, fundi ameunda ile rilei ya saa. Kitufe kilisoma karibu na sifuri ohm. Tatizo: asubuhi nikiwasha, taa ya njano inawaka, mlio unasikika, kisha baada ya sekunde mbili mlio mwingine na taa inazima. Mchana gari likiwa na moto inafanya sawasawa. Rilei mbovu?

---

Nalubaale_Spea

Rilei ni nzima, inabonyeza mara mbili. Kitufe chako ni cha kupokezana: bonyezo la kwanza linazima mfumo, la pili linaurudisha. Asubuhi injini ni baridi na stata inazunguka kwa muda mrefu kidogo, volti zinaanguka hadi 10 hivi, rilei ya bei ndogo inajisahau na kuanza kuhesabu upya. Mchana injini inawaka haraka, volti hazianguki vya kutosha, ndiyo maana huoni tatizo.

Muulize fundi amechukua umeme wapi. Kama ni kwenye fyuzi ya ACC, yaani ya redio na vifaa vya ziada, au kwenye saketi inayokatwa wakati stata inazunguka, hapo ndipo penye kosa. Atafute fyuzi inayobaki na umeme kuanzia ON hadi baada ya kuwaka, bila kukatika. Njia ya kuihakiki: mita kwenye fyuzi, mtu mwingine awashe gari, mshale usianguke sifuri hata kwa nukta.

Kisha ile diodi na kapasita. Diodi inakaa kwenye waya chanya kabla ya rilei, mstari wake wa fedha ukielekea kwenye rilei. Kapasita inakaa baada ya diodi, mguu wa chanya kwenye waya wa rilei, wa hasi kwenye bodi. Volti za gari zikishuka, kapasita inailisha rilei peke yake na diodi inazuia umeme usirudi nyuma kwenye gari. Wengi wanaweka kapasita bila diodi, na hapo haisaidii chochote kwa sababu stata inaikausha pia. Kapasita ikigeuzwa miguu inavimba na kupasuka, kwa hiyo asome alama ya hasi ubavuni.

Muda wa kusubiri uwekwe sekunde 8, ili injini iwe imeshawaka na komputa zimetulia. Muda wa kubonyeza sekunde 2. Kwenye Demio bonyezo la nusu sekunde halitoshi, kitufe kinataka kushikiliwa mpaka kilie. Akiwa amelala pale chini, rilei asiiache ikining'inia: aifunge kwa sponji na kamba ya plastiki kwenye fremu, mbali na pedali ya breki na mhimili wa usukani.

Jaribu asubuhi tatu mfululizo gari likiwa baridi. Mlio mmoja, taa ya njano tuli. Na thibitisha taa ya TCS OFF haiwaki pamoja nayo.